Mozart, Simfoni namba 40: honi hatuna, viola ni mbili tu. Sehemu ya kwanza itawezekana?

mwalimu_nyegezi

Wakuu wa muziki, habari za jioni.

Kikundi chetu cha Nyegezi, hapa Mwanza, kina wiki 10 za kuandaa sehemu ya kwanza ya Simfoni namba 40 ya Mozart, ile ya G maina, yaani ufunguo wenye la kuwa nyumbani (K. 550 kwenye orodha ya kazi zake). Ukumbi ni wa kanisa: paa la bati, sakafu ya saruji, madirisha makubwa pande zote mbili.

Tulichonacho: vayolini 8, viola 2, chelo 2. Besi kubwa hakuna. Filimbi ya Kizungu 1, klarineti za Bb 2. Kutoka bendi ya matarumbeta tunapata tarumbeta za Bb 2, flugeli 1 (ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini), alto ya Eb 1 (ya shaba, si saksafoni) na tromboni 2. Kinanda cha umeme kipo, na seti ya ngoma ipo. Obo, basuni na honi, vyombo vya kupuliza ambavyo Mozart ameviandikia, hakuna kabisa. Wapiga nyuzi wengi wametoka kwenye kwaya, kwa hiyo sofa (do, re, mi) wanaisoma kama gazeti ila stafu (nota za mistari mitano) bado wanachechemea.

Naomba msaada kwenye haya: honi zizibwe na nani na kwa kuhamisha nota vipi; mwendo uwe kasi gani; viola mbili zitatosha kweli au niongeze; na je, muziki huu ni wa huzuni au wa hasira? Nauliza hilo la mwisho kwa sababu nusu ya kikundi wanataka tuupige taratibu kama wimbo wa msiba, na nusu wanataka tuongeze ngoma na tromboni ili "uchangamke".

---

UpindeMfupi

Mwalimu, nianze na la mwisho maana ndilo linaloamua mengine.

Majira yale ya kiangazi ya mwaka 1788, akiwa Vienna, Mozart alimaliza simfoni tatu mfululizo: namba 39 tarehe 26 Juni, namba 40 tarehe 25 Julai, namba 41 tarehe 10 Agosti. Ya 39 na ya 41 zina tarumbeta na timpani (ngoma kubwa za okestra). Ya 40 haina. Mtu huyohuyo, mji uleule, wiki chache tu kati ya kazi moja na nyingine. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ngoma zilikosekana kwa sababu hakuwa nazo. Aliziacha. Ukiziongeza unafuta uamuzi mkubwa kuliko wote alioufanya kwenye kazi hii.

Sasa tabia yake. Sikiliza vipimo vya mwanzo kabisa. Simfoni nyingi za wakati ule hufungua kwa kishindo ili watu wanyamaze. Hii inaanza chini, *piano* (yaani kwa sauti ndogo), na kinachoanza si wimbo. Ni viola, zimegawanywa mistari miwili, zinapiga nota nane kwa kila kipimo bila kupumzika. Vayolini zinaingia mwishoni mwa kipimo cha kwanza, za kwanza oktava juu ya za pili, kama vile msikilizaji amefika mazungumzo yameshaanza. Muziki huu unatokota sufuria ikiwa imefunikwa. Ukiupiga taratibu, moto unazima. Ukiongeza ngoma, umefunua sufuria.

Mwendo: Mozart ameandika *Molto allegro* (haraka sana), na alama ya mapigo mawili kwa kipimo, si manne. Kosa la kwanza la vikundi vingi ni mwongozaji kuhesabu manne. Mkono ukipiga nne, kila nota ya wimbo inapata uzito na ule mstari unakatika vipande. Ongoza mbili. Shabaha ni mapigo 100 hadi 108 kwa dakika, pigo moja likiwa nusu kipimo. Anzeni mazoezi kwa 72, mkae hapo mpaka vidole vitulie, kisha pandeni 84, halafu 96. Msipite 108. Kwenye sakafu ya saruji nota za viola zitageuka uji.

Kwa hesabu, sehemu hii ina vipimo 299, na vipimo 100 vya kwanza vina alama ya kurudiwa. Kwa mwendo wa 104 bila kurudia ni kama dakika 5 na sekunde 45. Mkirudia ni kama dakika 7 na sekunde 40.

Viola mbili: ndiyo, zitatosha, kwa sababu mistari ni miwili na kila mtu atakuwa na wake. Tatizo litakuwa uchovu, wala sauti si tatizo kubwa. Kwa mwendo wa 104 kila mpiga viola anatoa karibu nota 7 kwa sekunde. Akitumia upinde mrefu, mkono wa kulia utakakamaa kabla ya kipimo cha 15, na kasi itaanza kushuka bila yeye kujua. Apige katikati ya upinde, urefu wa sentimita 2 au 3 tu, nywele zisiruke juu ya uzi, nguvu itoke kwenye kifundo na vidole, bega limelegea. Chukua wapiga vayolini wawili walio dhaifu kwenye nota za juu, uwape mstari wa viola ulioandikwa upya kwa ufunguo wa sol, wawasaidie pale nota zisiposhuka chini ya uzi wa G. Zikishuka wanyamaze. Wasihamishie oktava juu, maana wataingia kwenye eneo la wimbo.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linaloharibu wimbo wenyewe: zile nota mbili fupi na moja ndefu zinazojirudia. Nota ndefu inaangukia pigo zito la kipimo, kwa hiyo mkono wa mtu ambaye hajafundishwa utaibamiza. Ni pumzi inayotoka hiyo. Uzito kidogo kwenye nota fupi ya kwanza, kisha legeza. Waambie waimbe kwanza kwa silabi "ha-ya-a" wakiwa wameweka vyombo chini. Wakiweza kuimba bila kupiga kelele kwenye silabi ya mwisho, watapiga.

---

Alto_Kirumba

Mimi nitajibu honi peke yake, maana hapo ndipo pana mtego ambao wengi hawauoni mpaka siku ya mazoezi ya pamoja.

Mwalimu ukifungua karatasi za honi utakuta ya kwanza imeandikwa "honi ya Bb alto" na ya pili "honi ya G". Usidhani ni kosa la mchapaji. Honi ya karne ya 18 haikuwa na vali. Ilikuwa bomba tupu lililozungushwa, na bomba tupu hutoa nota za ngazi yake tu: do, so, do, mi, so, na chache zaidi kadiri unavyopanda. Bomba la G linakupa G, B na D. Lakini tuko G maina, ambako nota ya tatu ni Bb. Ile B ya bomba la G inagongana na ufunguo wenyewe. Kwa hiyo Mozart akachukua mpigaji mmoja mwenye bomba la G na mwingine mwenye bomba la Bb, linalotoa Bb, D na F. Ukiunganisha wawili hao unapata G, Bb na D, kodi (nota zinazolia pamoja) kamili ya ufunguo wa nyumbani. Alishaitumia hila hiyo mwaka 1773 kwenye Simfoni namba 25, nayo ni ya G maina, akiwa na honi nne: mbili za Bb, mbili za G.

Kwa mpigaji hapa maana yake ni kwamba mistari miwili haiendi sambamba. Watu wa matarumbeta tumezoea sauti ya kwanza na ya pili zitembee pamoja, kwa tatu au sita. Hapa mmoja anapiga, mwenzake kanyamaza, kisha wanabadilishana, na nota zinarukaruka. Mpigaji mwenye sikio zuri atataka "kurekebisha" ili aongozane na mwenzake. Mkataze. Akirekebisha, anaingiza nota zilezile ambazo Mozart alizikwepa.

Kuhamisha nota:

Honi ya Bb alto mpe mwenye flugeli. Asihamishe chochote, asome ilivyo. Honi ya Bb alto hutoa sauti toni moja chini ya kilichoandikwa, na flugeli ya Bb ni hivyohivyo. Umeokoa usiku mzima wa kuandika.

Honi ya G mpe alto ya Eb. Kila nota ipande tatu kubwa: C iwe E, D iwe F#, E iwe G#, G iwe B. Weka shapu nne mwanzoni mwa stafu, umemaliza.

Kama alto siku hiyo hayupo, honi ya G inaweza kupigwa na tarumbeta ya Bb kwa kushusha kila nota tatu ndogo: C iwe A, E iwe C#, G iwe E. Ila tarumbeta ni kali. Mpigaji aielekeze kwenye stendi ya nota iliyofunikwa kitambaa kizito, asiielekeze kwa watu. Na kama mtaazimwa honi halisi ya F mahali fulani: mstari wa G unapanda toni moja, mstari wa Bb alto unapanda nne kamili.

Usimpe flugeli mstari wa G na alto mstari wa Bb. Alto ingelazimika kupanda tano kamili na ingekaa juu muda wote, midomo inachoka na sauti inakuwa kama ya mtu aliyebanwa pua.

Kazi ya honi kwenye sehemu hii ni kushikilia. Nota ndefu ndani ya *piano* iwe kama mkeka ambao wengine wanakalia: isikike ikiondoka, isisikike ikiwapo. Kwenye *forte* (sauti kubwa) wapige kifupi na safi, wasivimbishe nota baada ya kuianza. Tabia ya kuvimbisha imetoka kwenye maandamano ya barabarani, humu ndani haitakiwi.

---

sofa_na_stafu

Kwa hao waliotoka kwaya, usiwalazimishe stafu peke yake. Waandikie sofa juu ya stafu kwa penseli, wajue wako wapi kwenye familia ya ufunguo. G maina, basi do ni Bb na nyumbani ni la.

Wimbo wa kwanza: *fa mi mi, fa mi mi, fa mi mi do'*. Hapo kuna mruko wa sita ndogo kwenda juu, ndio mruko mkubwa pekee, baada yake yote ni kushuka: *do' ti la, la so fa, fa mi re re*. Kisha mstari uleule ngazi moja chini: *mi re re, mi re re, mi re re ti*, halafu *ti la se, se fa mi, mi re do do*.

Angalieni pale kwenye *se fa*. Se ni so iliyopandishwa nusu, yaani F#. Kutoka se kushuka hadi fa ni nusu-toni tatu, si mbili. Mwanakwaya ataifanya mbili kwa mazoea, na F# itashuka karibu na F ya kawaida. Waimbeni polepole *la se la, la se fa mi* mara kumi kila zoezi, kabla ya kugusa upinde.

Na fa-mi ndiyo mbegu ya kazi nzima. Nusu-toni moja inayoshuka. Mwimbaji yeyote anajua fa inavyotaka kuangukia mi. Mozart anaitikisa hiyo fa mara tatu kabla ya kuruka.

Ramani ya safari kwa namba za vipimo. Ziandikeni kwa mkono kwenye karatasi zote, kila mstari wa stafu, vinginevyo dakika 20 za kila zoezi zitaisha kwa "tuko wapi?":

Kipimo 1 hadi 27: wimbo wa kwanza, unakuja mara mbili. Mara ya pili vyombo vya kupuliza vinashikilia nota ndefu juu yake. Kutoka 28 ni *forte* ya ghafla. Narudia, ya ghafla. Hakuna kupanda taratibu. Kikundi chenu kikianza kuvimba kutoka kipimo cha 25, mshangao umekufa.

Kabla ya 44 kuna ukimya. Hesabuni ukimya huo kama nota. Kipimo 44: wazo la pili. Do bado ni Bb, ila nyumbani sasa ni do yenyewe, si la. Hii ni Bb meja. Mstari unashuka kwa nusu-toni, nyuzi na vyombo vya kupuliza wakipokezana, na unaporudi mara ya pili wanabadilishana nafasi. Hapa si Bagika na Bagalu, wale wacheza ngoma wa Kisukuma, wanaoshindana nani atavuta watu wengi. Ni sentensi moja inayosemwa na vinywa viwili. Mwenye kupokea aanze kwa sauti ileile aliyoiacha mwenzake. Klarineti zako zitashawishika kuanza kwa nguvu kwa kuwa ndio nafasi yao ya kusikika. Waambie mapema.

Kipimo 100: mwisho wa kipande cha kwanza, alama ya kurudia.

101 hadi 163: hapa ndipo pagumu. Kodi chache zinageuka chini ya miguu na wimbo unatokea F# maina. Do imeshuka nusu-toni tu, kutoka Bb hadi A, lakini flati 2 zimegeuka shapu 3 na hakuna kidole kinachobaki kilipokuwa. Muda si mrefu inakuja *forte*, wimbo unahamia chini kwenye chelo na basuni huku vayolini zikikimbia juu yake, kisha wanabadilishana. Kwa chelo mbili, huo wimbo wa chini utamezwa. Vayolini zishuke nguvu hapo hata kama karatasi inasema *forte*.

164: kurudi nyumbani. Vyombo vya juu vya kupuliza vinashuka polepole, na kabla havijafika chini vayolini zimeshaanza wimbo. Msipunguze mwendo kusubiri. Uzuri wa pale ni kwamba msikilizaji anagundua amefika nyumbani akiwa ameshaingia mlangoni.

227: wazo la pili tena, ila safari hii nyumbani ni la. Lile la Bb meja limeimbwa upya kwa G maina. Kwa mtu wa sofa hili ni rahisi kulihisi: sentensi ileile iliyotua kwenye do sasa inatua kwenye la. Ukitaka kujibu swali la huzuni, jibu liko hapo, kwenye namba 44 na 227 zikilinganishwa. Waimbishe vipimo vinne vya kila moja mfululizo.

Ushauri wa mpangilio: wiki ya kwanza anzeni na 101 hadi 163. Kikundi kinachoanza mwanzo kila zoezi kitakuja jukwaani kikijua kurasa mbili.

---

kinanda_Pasiansi

Kuhusu basuni, besi na kinanda.

Besi kubwa husoma mstari uleule wa chelo na kutoa oktava chini. Kinanda kinaweza kufanya hivyo kwa mkono wa kushoto, sauti ya besi ya nyuzi, ila si muda wote. Tumia kwenye *forte* na kwenye nota ndefu za chini tu. Kwenye *piano* za mwanzo acha chelo peke yake, vinginevyo utasikia mngurumo wa spika kabla ya kusikia viola. Spika iwekwe sakafuni nyuma ya chelo, isiwe mbele ya ukumbi pamoja na za mhubiri.

Basuni: mkono wa kulia, sauti ya basuni ikiwa kinanda kinayo, na sauti ishushwe mpaka mpigaji mwenyewe aone imezidi kuwa ndogo. Kinanda hakina pumzi, nota yake inaanza kwa ukingo mkali, kwa hiyo inasikika kubwa kuliko ilivyo. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, chelo waendelee. Hakuna mahali ambapo kinanda peke yake ndicho kinashika muziki ukifuata mpango huu. Hakikisha iwe hivyo.

Obo: zipo namna mbili za simfoni hii, zote za Mozart mwenyewe. Ya kwanza ina obo bila klarineti. Baadaye aliongeza klarineti mbili na kuandika upya mistari ya obo, nyimbo kadhaa akawapa klarineti. Hapa ndipo watu wanaumia: wanapakua karatasi za obo za namna moja na za klarineti za namna nyingine, kisha kuna mahali wawili wanapiga kitu kimoja na mahali hakuna anayepiga. Wewe huna obo. Chukua namna ya kwanza, mistari ya obo uwape klarineti ukipandisha kila nota toni moja (G maina inakuwa A maina kwenye karatasi zao). Usichukue ya pili ukaacha obo wazi, kutabaki mashimo.

Mozart alifariki mwaka 1791, muziki wenyewe ni wa wote, na chapa za zamani zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Pakua karatasi zote kutoka chapa moja.

Tuning: kinanda kimefungwa kwenye A ya 440 (mitetemo kwa sekunde), lakini vingi vina mahali pa kuongeza kidogo. Kwenye ukumbi wa bati saa tisa mchana klarineti, filimbi na shaba vitapanda, nyuzi zitashuka. Vyombo vya kupuliza vipashwe moto dakika 10 kwanza, ndipo muwatafutie A, na kinanda kisogezwe kuwafuata, hata 442. Nyuzi ziwe za mwisho. Kinyume chake mtatune mara tatu. Vigingi vikiteleza, chaki kidogo. Vikikwama kwa unyevu wa masika, suguni grafiti ya penseli.

Feni za ukumbi zitapeperusha karatasi. Vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi.

---

tromboni_mbili

Wazee, na sisi wa tromboni tukae nje tu? Tromboni inasoma ufunguo wa fa bila kuhamisha, na basuni ni ufunguo huohuo. Kwa nini kinanda kipewe basuni sisi tukiwepo?

---

Alto_Kirumba

Hoja yako ina nusu ya ukweli, mkuu. Nota ndefu za basuni unaweza, ukipiga kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Lakini kwenye vipimo 114 na kuendelea basuni inabeba wimbo pamoja na chelo, zile nota fupi mbili-mbili, kwa mwendo wa 104. Fa-mi kwenye tromboni ni kuhamisha mkono na kuzuia ulimi kwa kila nota. Usipozuia inakuwa mteremko wa kuteleza, na ukizuia sana inakuwa risasi. Mmoja wenu ashike nota ndefu za basuni ya pili, asimame nyuma ya chelo akielekea ukutani. Wa pili awe mtu wa kufungua kurasa kwa mpiga kinanda. Ni kazi ya heshima, kinanda kina mistari mitatu ya kusoma kwa pamoja.

---

Ngalawa88

Nipinge kidogo ile ya "sufuria iliyofunikwa". Schumann, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 19, aliisikia simfoni hii kama wepesi na madaha ya Kigiriki, naye hakuwa mtu wa kusikia ovyo. Mkiwaambia vijana "inatokota", watapiga kwa meno yaliyokazwa, na vayolini 8 zilizokaza meno ni msumeno. Mimi ningewaambia wapige nyepesi na safi, waache kodi zifanye kazi yake. Hiyo fa-mi inauma yenyewe, haihitaji kusaidiwa.

Na kama mkono wa viola hautaweza, fikirini sehemu ya tatu badala ya hii. Menuetto, *Allegretto* (haraka kiasi), mapigo matatu, fupi, na Trio yake (kipande cha katikati) iko G meja na imetulia. Ina ugumu wake: vishazi vinakwenda vipimo vitatu-vitatu na mkazo unaanguka kama vile mtu anahesabu mbili ndani ya tatu, kwa hiyo anayetaka kuicheza kama dansi atajikwaa. Lakini hakuna anayetakiwa kupiga nota 7 kwa sekunde. Honi zote mbili pale ni za G, hivyo flugeli italazimika kuhamisha: shusha tatu ndogo.

Sehemu ya nne msiiguse. Inafungua kwa kodi ya G maina iliyovunjwa ikapaa juu, *piano*, inajibiwa *forte*, na watu wanadanganyika na hizo nota nne za mwanzo. Katikati, mara tu baada ya kurudia, wote wanapiga mstari mmoja unaopita nota 11 kati ya 12 zilizopo. Inayokosekana ni G, ile ya nyumbani. Kundi lisilosikilizana litapotea hapo, na hakuna kodi ya kuwarudisha.

---

UpindeMfupi

Ngalawa, wepesi sikatai. Ndiyo maana nimesema sentimita 2 za upinde. Ila wepesi usiwe wa kutabasamu. Kipimo cha 227 hakitabasamu.

---

mwalimu_nyegezi

Asanteni sana, mmenifungua. Namna ya kwanza, flugeli na alto, ngoma zinabaki stoo. Yamebaki mawili. Vipimo 100 vya mwanzo turudie au tusirudie? Na siku ya onyesho ni mwanzoni mwa Aprili. Mvua ikinyesha juu ya bati nifanyeje, maana mwanzo wenyewe ni *piano*?

---

sofa_na_stafu

Rudieni, kwa masharti. Kurudia kuna kazi: kipande cha kwanza kinafungwa kwa Bb meja, na mara ya kwanza muziki unageuka kurudi G maina ya mwanzo, mara ya pili unageukia kule kwenye F# maina. Msikilizaji ambaye hakurudishwa nyumbani mara ya kwanza hashtuki anapopotezwa mara ya pili. Lakini ikifika wiki ya 8 viola bado wanashuka mwendo kabla ya kipimo cha 28, acheni. Marudio ya viola waliochoka hayana faida kwa mtu.

---

kinanda_Pasiansi

Mvua: usianze. Masika mvua kubwa mara nyingi haidumu muda mrefu kwa nguvu ileile, na bati likipigwa hakuna *piano* itakayosikika, hata ukiongeza spika. Weka kwenye ratiba nyimbo mbili za kwaya zenye nguvu, zikae kabla ya Mozart, ziweze kurefushwa kwa kurudia beti. Madirisha ya upande wa ziwa yafungwe, upepo wa mvua hutokea huko kwenu. Tandikeni mikeka au mazulia chini ya vayolini na viola, si chini ya chelo. Chelo zinahitaji sakafu ngumu chini ya ule mguu wa chuma, na kipande cha mkanda chenye tundu, kilichofungwa kwenye mguu wa kiti, kitauzuia usiteleze kwenye saruji.

Na mwambie mwongozaji asubiri bati linyamaze kabisa ndipo anyanyue mkono. Mkono ukishapanda, viola wanaanza peke yao na hakuna wa kuwaficha.